Kiswahili Kilichojificha Ndani ya Barua Pepe za Kiingereza

Kila baada ya muda, skrinishoti ya barua pepe ya mtu fulani huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Aliyeiandika ni mfanyakazi, pengine mhasibu au ofisa ugavi, aliyemwandikia mteja wa nje kwa Kiingereza kilichoteleza. Wengi hucheka, wengine husema arudi shule, na wachache hukaa kimya kwa sababu wanajua kwamba jana yake na wao waliandika sentensi ileile. Mimi huumia nikiona skrinishoti hizo. Kicheko hakimsaidii aliyeandika, wala hakimwelezi mwingine kosa lenyewe limetoka wapi.

Na limetoka mahali panapojulikana. Mtanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali amefundishwa kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha akaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu masomo yote yamegeuka Kiingereza. Mkenya hukutana na Kiingereza mapema zaidi, lakini naye sokoni, kwenye matatu na kwenye vikao vya familia hatumii Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba sentensi huundwa kichwani kwa Kiswahili, kisha vidole huiandika kwa maneno ya Kiingereza. Nyama ni ya Kiingereza, mifupa ni ya Kiswahili. Wataalamu huita hali hiyo athari ya lugha ya kwanza, na haina uhusiano wowote na uzito wa akili. Mwingereza anayejifunza Kiswahili hufanya vivyo hivyo upande wa pili: atasema "kitabu yangu" kwa sababu kwao hakuna ngeli.

Tuelewane kuhusu maneno mawili kabla ya kuingia ndani. Sarufi ni mshono: namna maneno yanavyoungana mpaka sentensi ikavalika. Uteuzi wa maneno ni kitambaa: neno gani linafaa kwa shughuli gani. Mtu anaweza kuwa na mshono safi kabisa na bado akakosea kitambaa, akaenda msibani na nguo ya kumeremeta. Barua pepe nazo ni hivyo. Kuna barua isiyo na kosa hata moja la sarufi lakini inamkera anayeisoma, na kuna yenye makosa mawili matatu lakini kazi inakwenda.

Jambo la tatu, ambalo naliona halisemwi vya kutosha, ni kwamba makosa hayana uzito mmoja. Kuandika "informations" ni kosa, lakini hakuna aliyepoteza mteja kwa herufi moja ya "s". Kukosea saa ya kikao au siku ya mwisho ya malipo ni habari nyingine. Wanaofundisha Kiingereza mitandaoni huanza na makosa ya aibu kwa sababu ndiyo yanayoonekana haraka. Mimi nataka tuanze na yanayokula pesa.

Makosa yanayokula pesa

Chukua ofisi ya wakala wa forodha jijini Dar es Salaam. Kontena la mteja limefika bandarini, nyaraka bado ziko kwa muuzaji Dubai, na siku za bure zikiisha, kila siku inayoongezeka ina tozo yake. Kijana wa ofisini anataka wazungumze kwa simu kesho yake saa nne asubuhi. Anaandika: "Let us talk tomorrow at 4 in the morning." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi hata moja. Programu ya kukagua tahajia haitaigusa. Lakini muuzaji ameambiwa aamke kabla ya adhana ya alfajiri ili azungumzie kontena.

Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza na linapozama. Ya Kiingereza huanza kuhesabiwa usiku wa manane na adhuhuri. Kati ya hizo mbili kuna tofauti ya saa sita, na mtu akiwa na haraka ndipo ile ya nyumbani hujitokeza. Dawa yake ni kuandika kwa mtindo wa saa 24 na kutaja mji: "10:00, Dar es Salaam time". Mji utajwe kwa sababu Dubai iko mbele yetu kwa saa moja, na London iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa joto.

Kosa la pili katika kundi hili ni dogo kwa umbo na kubwa kwa madhara. Kiswahili kina neno "hadi" au "mpaka", na neno hilo hufanya kazi mbili ambazo Kiingereza kimezigawa. Tukisema "ofisi imefungwa hadi Ijumaa", tunazungumzia hali inayoendelea mpaka siku hiyo. Kiingereza hutumia "until". Tukisema "una hadi Ijumaa kuleta ripoti", tunazungumzia siku ya mwisho ya kufanya jambo la mara moja. Hapo Kiingereza hutaka "by". Sasa mtu anaandika "Please send the documents until Friday". Anayesoma anaweza kuelewa kwamba atume leo, kesho na keshokutwa, aache ikifika Ijumaa. Wengi watakisia maana, lakini kwenye mkataba au ratiba ya malipo kukisia si jambo la kutegemea. Jiulize: kitu hiki kinaendelea, au kinafanyika mara moja? Kinachoendelea ni "until", cha mara moja ni "by".

La tatu ni "ndiyo". Muuzaji anauliza: "You haven't received the documents?" Mswahili anajibu kama anavyojibu nyumbani: ndiyo, yaani ni kweli usemavyo, sijazipata. Anaandika "Yes." Muuzaji anasoma kwamba nyaraka zimefika, anafunga faili, anaendelea na mengine. Siku tatu zinapita. Katika Kiswahili, "ndiyo" huitikia kauli ya aliyeuliza. Katika Kiingereza, "yes" husema kwamba jambo lenyewe limetendeka, hata swali likiwa la kukanusha. Usijibu swali la namna hiyo kwa neno moja. Andika sentensi nzima, "We have not received them", na hapo hakuna wa kupotea.

Tarehe nazo: 03/04 kwetu na kwa Waingereza ni tarehe tatu Aprili, kwa Mmarekani ni tarehe nne Machi. Andika mwezi kwa jina. Na kwa kuwa Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke, "amefika" ni amefika tu, ni rahisi kumwita mkurugenzi wa kike "he" katikati ya aya iliyoanza vizuri na "she". Hilo hukaguliwa mwishoni, jina kwa jina, kwa sababu unapoandika huwezi kuliona.

Pale mifupa inapotokeza

Tukishayaondoa hayo, tuje kwenye yale yasiyoharibu maana lakini yanayomfanya msomaji ajikwae. Mengi yana mzizi mmoja: kitenzi cha Kiswahili hubeba mizigo mingi. "Niliituma" ni neno moja lenye mtendaji, wakati, kitu kilichotumwa na tendo lenyewe. Kiingereza hutawanya mizigo hiyo kwenye maneno tofauti, na sisi tunapoitawanya wakati mwingine tunaiweka mara mbili.

Ndiyo maana tunaandika "the invoice which I sent it". Kwa Kiswahili ni sahihi kabisa: ankara ambayo niliituma, na ile "i" ndani ya kitenzi ina haki yake. Kiingereza kikishasema "which" kimeshataja ankara, hakitaki kuitaja tena: "the invoice which I sent". Hali ni hiyohiyo kwa "the manager he has approved". Meneja ameidhinisha, na ile "a" inamrudia meneja. Kiingereza kinamtaja mara moja tu.

Upande wa pili, kuna mahali ambapo Kiingereza kinadai neno ambalo sisi hatuna haja nalo. "Ni muhimu kulipa mapema" ni sentensi iliyokamilika. Tukiipeleka moja kwa moja tunapata "Is important to pay early", na Kiingereza kinalalamika kwamba sentensi haina kichwa. Hutaka "It is important", ingawa ile "it" haimaanishi kitu chochote.

Halafu kuna "-me-". Tunasema bila wasiwasi "nimeituma jana". Ndiyo chanzo cha "I have sent it yesterday", sentensi ninayoiona karibu kila wiki. Kwa Kiingereza, "I have sent" husema hali ilivyo sasa: kitu kimeshatoka mkononi mwangu, lini si hoja. Ukitaja lini, kwa neno kama "yesterday", "last week" au "in 2022", ile "have" inaondoka: "I sent it yesterday". Kinyume chake ni "I am working here since 2019", inayotokana na "nafanya kazi hapa tangu 2019". Hapo sasa "have" inatakiwa: "I have been working here since 2019".

Vitangulizi "a" na "the" huwatesa watu wengi, na maelezo ya vitabuni mara nyingi huongeza giza. Lakini Kiswahili kina dalili yake ya jambo lilelile, nasi tunaitumia kila siku bila kuiona. Linganisha "nimeona ripoti" na "nimeiona ripoti". Ya kwanza ni ripoti fulani, pengine msikilizaji hajaisikia. Ya pili ni ripoti tuliyokwisha kuizungumzia. Ile "i" inafanya kazi inayokaribiana sana na "the". Kwa hiyo ukikwama, irudishe sentensi kwenye Kiswahili. Kama ungesema "ile ripoti" au ungetia "i" kwenye kitenzi, andika "the report". Kama ungesema "ripoti moja" au "ripoti yoyote", andika "a report". Kipimo hiki si cha kila mahali, ila kwa barua za kazini kinaokoa sehemu kubwa ya safari.

Nomino zisizohesabika zinaeleweka vizuri zaidi dukani. Hakuna anayesema "nipe sukari mbili" akimaanisha kilo mbili, na mwenye duka akisikia hivyo atauliza kilo au paketi. Sukari ni kitu cha kupima. Kiingereza kimeweka kwenye kapu la sukari maneno ambayo kwetu yanahesabika kirahisi: taarifa tatu, vifaa vinne, samani kumi. "Information", "equipment", "furniture", "advice", "feedback", "luggage", "stationery" na "software" hayapokei "s". Ukitaka idadi, tafuta kipimo kama unavyotafuta kilo: "three pieces of equipment". Neno "staff" linasumbua zaidi kwa sababu ni la watu, lakini lifikirie kama "jeshi": jeshi ni moja, askari ni wengi. Wafanyakazi watano ni "five staff members" au "five employees".

Vihusishi navyo vina siri yake kwenye kitenzi chetu. "Nijibu" na "nieleze" hazihitaji neno la kuunganisha, kwa hiyo tunaandika "reply me" na "explain me", kumbe Kiingereza kinadai "reply to me" na "explain to me". Kisha tunalipiza mahali pasipotakiwa: "discuss about", "emphasize on", "comprise of", "return back". Haya sina njia ya mkato ya kukupa. Ni ya kuyaandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani mbele ya meza mpaka yaingie.

Adabu haihami na maneno yake

Hapa ndipo naona watu wema wakieleweka vibaya zaidi, na ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Kiswahili huweka heshima ndani ya kitenzi na ndani ya salamu. "Nitumie" ile "e" ya mwisho tayari imelainisha amri ikawa ombi. Tukiongeza "naomba", tumeinama kidogo. Tukisema "nilikuwa naomba", tumeinama zaidi, kwa sababu tumelisogeza ombi kwenye wakati uliopita ili mwenzetu asijione amebanwa. Ni adabu nzuri mno. Lakini ikibebwa kama ilivyo inakuwa "I was requesting you to send me the report", na msomaji wa London anajiuliza: uliomba lini, na je, sasa huombi tena? Ukiivua adabu hiyo kabisa unabaki na "Send me the report", na hiyo ni amri kavu.

Kiingereza huweka heshima kwenye swali. "Could you send me the report by Thursday?" inampa mwenzako nafasi ya kusema hapana, na nafasi hiyo ndiyo heshima yenyewe. Kwa mtu usiyemjua au jambo zito, "Would it be possible to..." inatosha. Huna haja ya kwenda mbali zaidi ya hapo.

Neno "kindly" linastahili kuelezwa kwa haki. Ofisini kwetu, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi na Kampala, "kindly" ni neno la upole kweli, na mtu akiniandikia "kindly share the file" sioni ubaya wowote. Kwa wasomaji wengi wa Uingereza na Marekani, hata hivyo, "kindly" ina ukali uliofichwa, kama ya mwalimu mkuu anayewaambia watoto wakae chini, na ikirudiwa mara nne katika aya moja inasikika kama kufokewa. "Please" haina tatizo hilo. "Do the needful" ni kisa kinachofanana: imezoeleka sana katika ofisi za India na Pakistan na imeota mizizi huku pia, lakini kwingineko inaonekana ya kizamani, na ubaya wake mkubwa ni kwamba haisemi kifanyike nini. Sema kitendo chenyewe.

"Pole" ndilo neno ninalolionea huruma kuliko yote. Kiingereza hakina neno kama hilo. Mtu anaandika "Sorry for the work" akikusudia pole na kazi, na anayesoma anadhani anaombwa radhi kwa jambo asilolijua. "Sorry" katika Kiingereza inaweza kusomeka kama kukiri kosa, na kwenye barua inayohusu mzigo ulioharibika hilo si jambo dogo. Kwa mgonjwa, andika "I hope you feel better soon". Kwa msiba, "Please accept my condolences". Kwa taabu iliyompata mwenzako, "I am sorry to hear that", ambapo ile "to hear" inaonyesha unasikitika pamoja naye bila kujibebesha lawama. Na kwa pole na kazi, hakuna. Ni moja ya vitu ambavyo inabidi viachwe nyumbani.

Kuna pia barua rasmi tulizofundishwa sekondari. "Husika na kichwa cha habari hapo juu." "Wako katika ujenzi wa taifa." Watu huzivusha zikawa "The above subject refers" na "Yours in nation building". Kwenye karatasi ya serikali fomula hizo zina mahali pake. Kwenye barua pepe, kichwa cha habari kiko juu tayari, msomaji amekisoma kabla hata ya kufungua, kwa hiyo sentensi ya kumwelekeza huko ni ya kufutwa. Ile "Re:" inayojitokeza unapojibu, ambayo wengi hudhani ni kifupi cha "reply", inatokana na Kilatini "in re", maana yake katika jambo la. Kanuni za kiufundi za barua pepe za mwaka 2008 zinaeleza hivyo. Ni ndugu wa "YAH:" yetu.

Salamu usiifute. Sisi hatuanzi shida kabla ya kujuliana hali, na sioni sababu ya kuacha desturi hiyo. Ila sentensi moja inatosha, "I hope you are well", kisha uingie kwenye jambo. Kwenye majina, kumbuka kwamba "Mr" na "Ms" huenda na jina la ukoo. "Mr. Joseph" na "Madam Rehema" ni heshima kwetu na zinaeleweka kwetu. Kwa mgeni, ama jina la ukoo na cheo, ama jina la kwanza peke yake kama yeye mwenyewe amelitumia kuaga.

Maneno marefu si elimu

Imani moja imetudhuru muda mrefu: kwamba barua ya msomi lazima iwe na maneno mazito. Hivyo "use" inakuwa "utilize", "start" inakuwa "commence", "about" inakuwa "with regards to the matter pertaining to". Wenye Kiingereza wenyewe walishapigana na jambo hili. Mwaka 1948 serikali ya Uingereza ilichapisha mwongozo wa Sir Ernest Gowers, ulioombwa na Hazina, kuwahimiza watumishi wa umma waandike kwa maneno rahisi. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2010 inayozitaka idara za serikali kuu ziandike kwa lugha ambayo mwananchi ataielewa. Serikali haitungi sheria dhidi ya tatizo lisilokuwepo. Kwa hiyo unapoandika "We will start on Monday", hujashuka daraja.

Wengine wanaamini Kiingereza sahihi ni cha Uingereza tu na kwamba "program" ya Kimarekani ni kosa. Vyote viwili ni sahihi. Chagua kimoja na usichanganye ndani ya barua moja. Kuhusu Kiingereza chetu cha Afrika Mashariki, nina msimamo: si kibovu, ni cha hapa. Mkenya akisema "I called you severally" akimaanisha mara nyingi, Mkenya mwenzake anaelewa. Nje ya hapa, "severally" humaanisha mmoja mmoja, kila mtu kivyake. Swali ni nani anasoma. Barua ikivuka mpaka, andika "several times".

Sasa tuone barua nzima. Hii nimeitunga, lakini kila sentensi ndani yake nimekutana nayo kazini:

"Dear Sir, the above subject refers. I hope you are fine and continuing well with your work. I was kindly requesting you to send us the packing list which I asked you for it last week because is very important and the customs they have told us to submit until Wednesday at 4 in the morning. I have called you severally yesterday. Kindly do the needful and revert back. Sorry for disturbance."

Aliyeandika ni mtu mwenye adabu, ana haraka ya kweli, na ametaja kila kitu kinachotakiwa. Kilichokosekana ni kwamba muuzaji anafika sentensi ya tatu ndipo ajue anatakiwa afanye nini, na akifika hapo anakuta saa isiyowezekana. Kumbuka pia "revert": kwa maana ya kujibu inaeleweka huku na India, lakini kwa wengine ni kurudi katika hali ya zamani. "Reply" haina utata. Barua hiyo naiandika hivi, kichwa chake kikiwa "Packing list needed by Wednesday 14 May, 10:00":

"Dear Sir, I hope you are well. Could you please send us the packing list for our container? Customs needs it by Wednesday 14 May, 10:00 Dar es Salaam time. After that we will have to pay storage charges. I tried to call you several times yesterday. If the list is not ready, please let me know when we can expect it. Thank you."

Angalia kwamba hakuna neno hata moja gumu humo. Sababu ya haraka imewekwa wazi, tozo, badala ya kusema tu jambo ni muhimu. Mwenye kuchelewesha amepewa njia ya kujibu hata kama hana kilichoombwa. Na salamu imebaki.

Kuhusu programu za kukusaidia kuandika

Wengi watasema yote haya ya nini, siku hizi akili mnemba inasahihisha. Inasaidia kweli, nami naitumia kwenye "a" na "the". Lakini haijui kwamba uliposema saa nne ulimaanisha saa kumi ya Kiingereza, wala haijui kama "until" yako ilikuwa "by", wala kwamba mkurugenzi ni mwanamke. Mara nyingi pia hurefusha: unampa sentensi tatu, anakurudishia aya tatu zilizojaa pongezi, na ombi lako limezama katikati. Ukiitumia, iambie isiongeze kitu. Kisha soma saa, tarehe, majina na kiasi cha fedha kwa macho yako mwenyewe. Na usibandike humo taarifa za mteja ambazo hungezisoma kwa sauti ndani ya daladala.

Watu huniuliza kama waandike kwanza kwa Kiswahili ndipo watafsiri. Barua nzima, hapana. Utavusha mifupa yote. Lakini sentensi moja, ndiyo. Kabla hujaandika chochote, fikiria unampigia mtu huyo simu na salio limebaki la nusu dakika. Ungemwambia nini? "Nitumie orodha ya mzigo kabla ya Jumatano saa nne." Hiyo ndiyo barua yako. Itakuwa kichwa cha habari, na itakuwa sentensi ya kwanza baada ya salamu. Ile "nitumie" iwe "could you please send us", "kabla ya" iwe "by", na saa nne iwe 10:00.